Mtu Akiugua Asipone, Alipwe na Nani?

MSHONAJI: Nianze mimi, kwa kuwa mwenye kuumwa ndiye mimi. Kama mashine ya kushonea ingenikata kidole nikiwa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili hiyo. Sheria yake ilitungwa 2008 na mfuko ukaanza kazi Julai 2015. Mimi sikukatwa na mashine. Nimezaliwa na sikoseli, imenila nyonga ya kulia, na mguu wa kulia ndio niliokuwa nakanyagia pedeli. Vidole vyangu kumi vyote vipo, na kazi sina. Kwa nini aliyekatwa kidole awe na mfuko, mimi nisiwe nao?

MFANYABIASHARA: Pole, binti yangu, na nakupa pole ya moyoni, kwa sababu nakufahamu tangu unashona pale barazani Mtaa wa Narung'ombe. Lakini aliyekatwa kidole kuna aliyemchangia. Kila mwezi natoa nusu asilimia ya mishahara ninayolipa, inakwenda WCF. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unachukua asilimia 20 ya mshahara wa kila kijana wangu, nusu yangu, nusu yake. Mfuko ni wa waliochanga. Ukisema kila asiyemudu kazi kwa maradhi alipwe, unasema alipwe kwa fedha ambayo hakuiweka, na fedha hiyo itakuja kutafutwa Kariakoo. Tulifunga maduka Mei 2023, tukafunga tena Juni 2024. Wote mnajua tulikuwa tunalia nini: kodi na kamatakamata.

MWENYEKITI WA MTAA: Mzee, kuna kitu kikubwa kuliko mfuko. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu ili mtu apate msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maradhi yametajwa waziwazi, na hakuna mahali ibara hiyo inapouliza kama mgonjwa alichanga.

MFANYABIASHARA: Nami nimeisoma, mwenyekiti. Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Ni dira. Inatuambia tunakokwenda, haisemi tumefika.

MSHONAJI: Baba, mimi sina nia ya kwenda mahakamani. Nataka mnionyeshe dirisha, kwa sababu nimelitafuta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu mshahara. Nilipomweleza hayo aliyekuwa ananipa kazi, akaniuliza, mshahara gani? Nilikuwa nalipwa kwa kipande. Gauni likiisha nachukua changu, lisipoisha sina. Miaka sita nimekaa kwenye benchi lake, na karatasi pekee yenye jina langu ilikuwa daftari la vipande. NSSF ina pensheni ya ulemavu, lakini uwe umechanga angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ile iliyotangulia ulemavu wenyewe, kisha bodi ya madaktari iseme umepoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato. Sikuchangiwa hata mwezi mmoja. Nikasema basi TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. TASAF wanatazama kaya. Naishi Buguruni na kaka yangu, dereva wa bodaboda. Jina langu lilipotajwa kwenye mkutano wa mtaa watu waliguna: kaya ina pikipiki! Pikipiki yenyewe ni ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe.

MWENYEKITI WA MTAA: Hilo la kuguna nalijua, na sitaki kuwalaumu walioguna. Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini ulipoanza 2012, na hata awamu ya pili ilipozinduliwa Februari 2020, msingi ulikuwa uleule: wananchi wakutane, wataje wenye hali mbaya kuliko wengine, kisha lije dodoso lihakiki. Kijijini watu wanajuana mpaka idadi ya kuku. Hapa kwetu mpangaji anaingia leo, mwaka kesho yuko Chanika. Huko Kariakoo nyumba za zamani zenye ua na vyumba sita zimevunjwa, yamepanda maghorofa ya stoo na maduka. Usiku mtaa unabaki na walinzi. Nani atasimama mkutanoni aseme, namjua huyu, juzi alilala kwa maumivu? Na hata angetokea mtu wa kusema, swali la mpango ni umaskini wa kaya. Mgonjwa akiwa na ndugu mmoja anayehangaika, tayari kaya yake inaonekana ina nguvu.

MFANYABIASHARA: Na ndugu huyo si ndiye kinga yenyewe? Tumekuwa nayo kabla ya mkoloni, kabla ya NSSF, hata kabla ya NPF iliyoitangulia. Mtu wetu akiugua anarudi kwa ndugu. Mnataka kuivunja kinga iliyopo mlete ya makaratasi. Serikali ikianza kumlipa mgonjwa, kaka mtu atasema, mimi mzigo nimeutua.

MSHONAJI: Kaka yangu ana miaka 31 na hajaoa. Kila akikusanya pesa ya mahari, mimi naingia wodini na inaishia dukani kwa dawa. Hajawahi kunitamkia neno baya, na kwa kuwa hasemi ndiyo maana nasema mimi. Baba, unaiita kinga. Kinga gani inayomla anayekukinga?

MFANYABIASHARA: Basi sisi majirani tupo. Misikiti ipo, makanisa yapo. Ijumaa napanga sarafu na noti pale mlangoni, na sijawahi kumrudisha mtu.

MWENYEKITI WA MTAA: Hurudishi mtu, kweli. Lakini tuseme ukweli kuhusu uchangaji wetu. Mtu akifa Buguruni, chama cha kufa na kuzikana hakingoji adhuhuri: turubai limefungwa, viti vimefika, pesa ya sanda iko mkononi. Mgonjwa tunamchangia mara ya kwanza kwa moyo wote. Mara ya pili kundi la simu linajibu kwa uvivu. Mara ya tatu watu wanasoma ujumbe na kunyamaza. Sisi tuna mpango mzuri wa maiti. Mtu aliye hai anayeumwa miaka ishirini hatuna mpango naye.

MSHONAJI: Nami naongeza. Sadaka inanitaka niumwe mbele za watu. Siku nikija dukani kwako nimejipaka mafuta na kanga yangu safi, utajiuliza kama kweli ninaumwa. Ili nipewe nije nimechoka, nivute mguu, nilegeze sauti. Mimi fundi. Nimevalisha maharusi wa nusu ya Ilala. Sitaki kujifunza kuomba kwa ufundi.

DAKTARI: Niingie hapo kwa upande wa ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi hatujatambua kilichobadilika. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, yaani sikoseli, duniani, takribani 11,000 kila mwaka. Zamani wengi wao walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na mzazi aliambiwa mtoto alikuwa dhaifu. Leo tunawapima mapema, tunawakinga na malaria na maambukizi, tuna haidroksiyurea inayopunguza mashambulio ya maumivu. Wanakua. Wanafika miaka ishirini, thelathini na zaidi. Lakini baadhi yao wanafika na nyonga zilizokufa kwa kukosa damu, vidonda vya miguu visivyofunga, figo zilizochoka. Sisi wa tiba tumewavusha, na sheria za kazi hazikuwategemea. Ziliandikwa kwa ajili ya watu wa aina mbili: mzima anayefanya kazi, na mgonjwa atakayepona ndani ya siku 126. Wagonjwa wa namna ya binti huyu hawamo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Na si wao tu, wapo wa kiharusi, wa kisukari waliokatwa mguu, wa figo wanaohitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwajiri gani atamvumilia mtu asiyeonekana siku tatu katika kila wiki?

MFANYABIASHARA: Daktari, umenipa orodha ndefu, na mimi ni mtu wa hesabu. Orodha ndefu ndiyo inayonitisha. Ungesema sikoseli tu, ningesema sawa, wapimwe damu, waandikwe, walipwe. Lakini umeshaongeza kiharusi, kisukari, figo. Kesho atakuja wa mgongo. Keshokutwa wa kichwa. Wa mgongo utampima kwa nini?

DAKTARI: Swali la haki hilo. Nyonga iliyokufa inaonekana kwenye eksirei, hakuna awezaye kuigiza picha ile. Aina ya damu ya selimundu inasomwa maabara. Figo zina vipimo. Kiharusi unakiona mtu anavyoshika kikombe. Maumivu yenyewe, hapana, sina kipimo chake. Nikikuambia ninacho nitakuwa nakudanganya.

MFANYABIASHARA: Basi tumefika ninapopataka. Mimi nimeona Desemba 2018, serikali kwa nia njema kabisa ikatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Machinga akapumua. Haukupita muda, wenzangu wenye maduka makubwa wakaanza kutoa mizigo nje, ikauzwa barabarani na vijana wenye vitambulisho, risiti hakuna. Wenzangu hao nawajua kwa majina. Hata muhuri wa daktari, kuna kona hapa hapa Kariakoo unachongewa ukisubiri. Leteni posho ya wagonjwa na kabla mwezi haujaisha Ilala itakuwa wodi moja kubwa. Na atakayeumia ni nani? Ni huyu binti, kwa sababu fedha itaisha kabla haijamfikia.

MWANDISHI: Nawakatiza kwa sababu nadhani hapa ndipo penye ugomvi wenyewe. Sijasikia mtu akisema mgonjwa aachwe. Kinachobishaniwa ni ushahidi: nani aaminiwe akisema, siwezi kazi. Na naona mzee amesema jambo zito, kwamba mwongo anamwibia mgonjwa wa kweli. Lakini kuna upande wa pili ambao hajaujibu. Mlango ukifungwa kwa kuogopa waongo, aliyebaki nje ana hakika ya kukosa, wakati mwongo ana njia nyingine za kula. Binti ajibu.

MSHONAJI: Nitajibu kwa vitambulisho hivyo hivyo. Walioficha mizigo nyuma ya machinga walikuwa watu wazima wa afya, wenye maduka na mahesabu. Wizi wao haukumfanya machinga asiwe machinga. Mbona hakuna aliyesema kwa kuwa wengine wanakwepa VAT, basi nchi isitoze VAT? Mnatengeneza mashine za risiti, mnaweka wakaguzi, mnaendelea. Likija la mgonjwa, wizi wa mmoja unatosha kuwafungia wote.

MFANYABIASHARA: VAT inaingiza. Posho inatoa. Si kitu kimoja.

MWENYEKITI WA MTAA: Zanzibar wanatoa. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alichanga au hakuchanga, awe na mtoto Uarabuni au hana. Kenya nao, chini ya Inua Jamii, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inalipwa shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Si matajiri hao.

MFANYABIASHARA: Umri unasonga upande mmoja tu. Mtu wa miaka 70 mwakani hatarudi kuwa wa 60. Mgonjwa je? Wiki hii hawezi kusimama, wiki ijayo namwona Msimbazi anavuka barabara na mfuko wa vitambaa. Nimlipe kwa wiki ipi?

DAKTARI: Na hapo niseme jambo litakalompa mzee nguvu, kwa sababu ni la kweli. Afrika Kusini wana posho ya ulemavu inayotoka kwenye kodi. Miaka ya 2000, wengi waliodhoofishwa na Ukimwi waliipata, na ikalisha familia nzima. ARV zilipowainua, posho ilikoma, kwa kuwa hawakuwa tena walemavu. Kazi hazikuwepo. Madaktari wa kule wakajikuta na wagonjwa wenye hofu ya kupona. Hakuna daktari anayetaka kuyaona hayo.

MFANYABIASHARA: Umesikia, mwenyekiti? Wagonjwa wenye hofu ya kupona! Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

MSHONAJI: Baba, mimi nimekielewa tofauti. Mtu alikuwa na chakula akiwa kitandani, akasimama, wakamnyang'anya chakula siku ileile aliposimama. Waliomtia hofu ya uzima ni waliokata posho yote kwa mara moja. Kuhusu wiki ipi unilipe, nikwambie wiki yangu ilivyo. Niko vizuri, nashona kwa mkono, natia vifungo na pindo, kazi ndogondogo ninazoletewa nyumbani. Chupa ya maji iko pembeni, nisipokunywa damu inakwama. Mvua ikinyesha usiku, baridi ikaingia chini ya mlango, alfajiri mifupa inaanza. Siku nne, tano, sijui jina langu. Halafu inaondoka na unaniona Msimbazi na mfuko wa vitambaa. Ule mfuko, baba, ni kazi niliyochelewesha, naenda kumwomba radhi mteja. Wateja wangapi watapokea radhi yangu mara ya tatu? Mfupa haukunifukuza kazi. Kilichonifukuza ni kwamba hakuna anayejua Jumatatu nitakuwepo au sitakuwepo, hata mimi sijui.

DAKTARI: Hiyo ndiyo kasoro ya kile kipimo cha NSSF cha theluthi mbili. Bodi inamwona mtu kwa asubuhi moja. Ikimpata kwenye siku yake nzuri, atapewa sifuri. Ikimpata wodini, atapewa mia. Ugonjwa unaokuja na kuondoka ungepimwa kwa mwaka: amelazwa mara ngapi, ameongezewa damu mara ngapi, kliniki amehudhuria vipi. Rekodi hizo hospitali inazo tayari.

MFANYABIASHARA: Sasa hapo mnaanza kuongea lugha ninayoielewa. Rekodi. Lakini kwa nini tusiishie kwenye tiba? Bunge limepitisha Bima ya Afya kwa Wote 2023. Mgonjwa asiyejiweza alipiwe bima, fedha iende hospitali moja kwa moja, hakuna noti inayopita mkononi mwa mtu. Na mwenye nguvu kidogo ajiunge NSSF, siku hizi wanapokea waliojiajiri kuanzia shilingi 30,000 kwa mwezi. Hivyo hakuna anayedanganya.

MSHONAJI: Bima itanitoa wodini, na nitashukuru. Nikirudi, mwenye nyumba ananingoja mlangoni, na yeye hapokei kadi ya bima. Na hizo 30,000 kila mwezi, mwezi niliolala siku kumi nazitoa wapi? Unaniambia nichange kwa nguvu zilezile ambazo ugonjwa umezichukua. Ningekuwa na uwezo wa kuchanga miezi 36 bila kukatika, nisingekuwa mgonjwa tunayemzungumzia.

MWENYEKITI WA MTAA: Mzee, na mimi niongeze la ofisini kwangu. Kila jambo katika nchi hii linaanzia kwangu na kurudi kwangu: barua ya msamaha wa matibabu, ya kudhamini mtu polisi, ya kufungulia akaunti, ya mkopo wa halmashauri. Ule mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, mbili kati ya hizo kumi ni za wenye ulemavu, nao ukasimamishwa Aprili 2023 mpaka utaratibu ulipobadilishwa. Tena ni mkopo, unarudishwa. Mgonjwa wa kudumu anaurudisha kwa kipi? Watu wanaletwa na mjumbe, mimi naamini mjumbe, nagonga muhuri. Nyingine nimegonga nikiwa na wasiwasi, sitawaficha. Kwa hiyo posho ikija, nawaombeni msiniwekee mimi peke yangu kalamu ya kuamua nani anaumwa. Nitaonewa na nitaonea.

MFANYABIASHARA: Umesema ukweli ambao sikuutegemea, mwenyekiti. Basi ushahidi usitoke mtaani. Daktari alete rekodi ya mwaka. Ofisa ustawi wa jamii aende nyumbani, aone. Na awepo mlipakodi mmoja, mtu wa Kariakoo, ambaye hagombei kura wala haajiriwi na serikali.

DAKTARI: Na anayelipwa aruhusiwe kushona siku zake nzuri bila kuitwa mwongo. Hilo nisipolisikia hapa, mimi simo. Akishona, posho ipungue taratibu, isikatwe.

MFANYABIASHARA: Akishona gauni kumi?

DAKTARI: Gauni kumi ipungue sana. Mwezi unaofuata akilazwa, irudi bila kuanza kuomba upya tangu mtaani.

MFANYABIASHARA: Hapo unahitaji watu waaminifu katika kila dirisha, daktari. Kila mwezi, kila mgonjwa. Mimi nashindwa kupata mwaminifu wa kaunta moja.

MSHONAJI: Kaa basi kwenye kamati hiyo wewe, baba. Unaniona toka barazani, unajua mshono wangu na unajua miezi niliyopotea.

MFANYABIASHARA: Nikikaa, siku nitakayokuta jina la uongo nitatoka nje na kulisema hadharani, hata likiwa la ndugu yangu.

MSHONAJI: Lisemwe. Na siku utakayokuta jina la kweli limekatwa, utatoka nje vilevile?

MFANYABIASHARA: Nitatoka. Lakini tangu tumeanza, binti yangu, bado hakuna aliyeniambia fedha yenyewe inatoka wapi.